Mlango umejifunga, funguo ziko ndani: vitasa vya Ufaransa nilivyovijua kwa shida

Jumapili moja nilitoka kwenda kutupa takataka, kandambili miguuni, simu mkononi, funguo nimeziacha mezani maana si nashuka chini tu narudi. Dirisha la jikoni lilikua wazi, upepo ukapita, nikasikia paaa! Nikapanda ngazi mbio, nikashika ile duara ya shaba iliyo katikati ya mlango, nikaizungusha. Haizunguki. Haijawahi kuzunguka, ni ya kuvutia mlango tu.

Kama hujawahi kuishi Paris ngoja nikueleze hapa, manake ndo kiini cha mambo yote. Milango mingi ya apatimenti za huku kwa nje haina mkono wa kufungulia. Ndani upo, unaubonyeza unatoka, ila nje kuna kitu kimekaa tu kama pambo, kwa hiyo mlango ukijipiga wenyewe umeshafungiwa nje hata kama hujagusa ufunguo. Wafaransa wana jina kabisa la hilo balaa, porte claquée, yani mlango uliojibamiza, na ni tofauti na mlango uliopigwa ufunguo. Mimi nilidhani kufungwa ni kufungwa tu. Kumbe hapo ndo pesa inapolala.

Fundi nilimpata kwenye kikaratasi kilichokua kwenye boksi la barua, kimechorwa rangi za bendera, juu namba ya polisi na ya zimamoto, chini namba ya fundi, ukikiona unasema hiki kimetoka serikalini. Hakijatoka serikalini, na idara yao ya kulinda walaji inawaonya watu kila siku kuhusu hivyo vikaratasi. Jamaa akaja, akautazama mlango hata dakika haikuisha, akasema silinda lazima itobolewe, iwekwe mpya, na siku ni Jumapili kwa hiyo bei ya Jumapili. Nikabaki namtolea macho.

Kilichoniokoa ni yule bibi wa mlango wa pili, mama wa makamo makubwa ambae tulikua tunapeana bonjour madame, bonjour monsieur, basi. Akatoa kichwa akauliza swali moja tu: monsieur, ulipiga ufunguo au umejibamiza? Nikasema umejibamiza madame. Akamwangalia fundi, akaniangalia mimi, akarudi ndani, akatoka na picha ya eksirei. Ya goti lake! Akaipenyeza kati ya mlango na fremu, akaniambia sukuma kwa mguu, huku anaishusha kwa kutikisatikisa mpaka ikafika usawa wa kitasa, mlango ukafunguka. Fundi alidai hela ya kuja, nikamlipa, maana kweli alikuja.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuangalia vitasa vya watu, nikialikwa chakula macho yanaenda mlangoni kwanza.

Cha kwanza ujue kitasa cha kawaida kabisa huku ni kile kilichozamishwa ndani ya unene wa mlango, ukifungua mlango unaona bamba la chuma pembeni. Kina ulimi wenye mteremko unaosukumwa na springi, huo ndo unaojifunga wenyewe, na kina komeo nene la mraba linalotoka ukizungusha ufunguo. Eksirei inaweza huo ulimi wa mteremko tu, komeo haiwezi kulifanya kitu. Ndo maana watu wa huku hata wakienda dukani hapo chini wanazungusha ufunguo mara mbili, wanaita double tour, mi nilikua naona ni woga. Na bima ya nyumba nayo inaangalia hapohapo, ukiibiwa na ulikua umevuta mlango tu bila ufunguo kuna kampuni zitakukatalia kulipa, soma mkataba wako.

Halafu kuna silinda yenyewe, kile kichuma unachoingizia ufunguo. Kwenye milango ya miaka hii utakuta ile yenye umbo kama tundu la ufunguo la kuchorwa, juu mviringo chini mkia, wanaita silinda ya Ulaya. Hii hata wewe unaweza kuibadilisha, hakuna haja ya fundi kabisa: unafungua skrubu moja ndefu pembeni mwa mlango, unaingiza ufunguo unauzungusha kidogo mpaka kile kijino cha katikati kilale sawa na silinda, unavuta, inatoka. Kosa ni kwenye vipimo. Inapimwa kuanzia katikati ya tundu la skrubu kwenda kila upande, kwa milimita, kwa hiyo 30 kwa 40 sio sawa na 35 kwa 35 hata kama urefu wote ni ule ule. Mi nilinunua ndefu, ikachomoza nje kama pua, nikaona poa tu inafunga, rafiki yangu mmoja anaefanya useremala akacheka akasema hiyo mwizi anaikamata kwa koleo anaivunja katikati, hapo hapo kwenye tundu la skrubu ambapo chuma ni chembamba. Nikairudisha dukani. Na kama mnaishi wawili tafuta ile inayokubali ufunguo wa nje hata kama mwingine umesahauliwa kwa ndani, zile za kawaida zinagoma na mtabishana usiku.

Kwenye majengo ya zamani, yale ya mawe yenye ngazi za mbao zinazolia, mambo ni mengine kabisa. Kule kitasa kimebandikwa juu ya mlango kwa ndani, liboksi la chuma, na mara nyingi kuna nondo zinapanda juu na kushuka chini, ukizungusha ufunguo mlango unashikwa sehemu 3 kwa mpigo. Siku hizi kuna za 5 na 7. Funguo zake ni kubwa na za ajabu, na majina ya watengenezaji ni ya zamani kweli, Fichet kwa mfano alianza kazi Paris mwaka 1825. Kuna funguo zinazokuja na kadi, bila kadi hakuna anaekuchongea nyingine, usiipoteze hiyo kadi jamani.

Dukani utaona nyota za A2P, alama ya Kifaransa ya vitasa vilivyopimwa ugumu. Sio mapambo: nyota 1 maana yake kitasa kimejaribiwa na kuhimili kuvunjwa dakika 5, nyota 2 dakika 10, nyota 3 dakika 15. Mara ya kwanza nilicheka, dakika tano tu? Ila jaribu kusimama mlangoni kwa mtu na nyundo dakika tano bila jirani kutoa kichwa, hasa jirani kama wangu.

Mlango wa chini wa jengo sitausemea sana, ni namba za kubonyeza au kile kibadji cha kugusisha mlangoni, Vigik, ambacho kilianzia kwa watu wa posta ili postmeni asitembee na rundo la funguo.

Kwa wapangaji wenzangu: ile amri ya mwaka 1987 ya matengenezo ya mpangaji inasema kupaka kitasa grisi na kubadilisha funguo zilizopotea ni juu yako. Kitasa kikichoka kwa uzee tu, hiyo ni ya mwenye nyumba, mwandikie. Na fundi yoyote kabla hajagusa kitu mwambie devis, bei kwa maandishi.

Yule bibi sasa ana ufunguo wangu wa akiba kwenye droo yake, nami nina wake. Na ile eksirei ya goti alinipa, akasema weka, mi ninazo nyingi. Nikaitundika vizuri nyuma ya mlango wangu, kwa ndani. Ilinichukua kama wiki mbili kugundua tatizo.