Laki nne na nusu za kufunika uozo

Nipo Dar likizo, kwa mama, Kigamboni, na leo nimepandwa na hasira hata chai haikushuka. Fundi kaja kuangalia reli za mbao za baraza. Kagonga nguzo kwa ufunguo wa pikipiki, kaniangalia viatu, kasema: "Bosi, laki nne na nusu, kesho jioni nakukabidhi inang'aa." Nikamuuliza, na rangi ya zamani je, haikwanguliwi? "Ya nini? Tunapiga juu kwa juu."

Angeulizia mama asingetajiwa hata nusu. Lakini hela siyo iliyoniuma zaidi. Kule Minneapolis, Marekani, kazi inayonilisha ndiyo hiyo hiyo anayoiruka: kuandaa mbao za watu kabla ya rangi. Bosi wangu wa kwanza hakunigusisha brashi kiangazi kizima, msasa tu. Alikuwa anapita anapapasa mbao huku anatazama pembeni. Kiganja kikikwama, rudia. Nilimchukia yule mzee. Siku hizi wateja wananiulizia mimi.

Basi nimeifanya mwenyewe. Ile rangi iliyotoka malengelenge ilikuwa na unyevu chini yake, unapanda kutoka kwenye vichwa vya mbao pale chini ya nguzo. Ukipiga juu kwa juu unaufungia ndani, uendelee kula. Misumari imeliwa na kutu kwa upepo wa bahari, nimeing'oa nikaweka skrubu zisizoshika kutu. Reli zote nimeziosha kwa maji ya bomba kutoa chumvi (ya kisima cha jirani ni chumvi tupu, ungekuwa mchezo). Zimekauka, ndipo msasa namba 80, kisha 120 ulio laini zaidi, kufuata nyuzi za mbao. Pembe kali nimezilainisha, maana rangi haikai kwenye ncha.

Nyumba ni ya zamani, kwa hiyo nilikwangua rangi ikiwa imeloweshwa, turubai chini, barakoa usoni, watoto nimewafukuza. Marekani walipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi, ambayo vumbi lake ni sumu, majumbani mwaka 1978, na nyumba za kabla ya hapo hatuzikwangui kikavu. Wapita njia wanauliza kama corona imerudi.

Ila haki yetu tupewe. Chini ya tabaka zote hizo nimekuta mbao za mkongo, nzima, ngumu, zinang'aa. Kule wanajengea msonobari, ukikosa rangi miaka michache unabonyea kwa kidole. Vijiti viwili tu ndivyo vilivyooza. Nimevuka na pantoni hadi Keko kwa maseremala, kijana kanichongea vingine nimesimama hapo hapo, kwa pesa ambayo kule fundi hafungui hata boksi la vifaa. Maranda ya kuchanganya na gundi nizibe nyufa kanipa bure. Huyo ndiye fundi, na hakuangalia viatu.

Mnaoniandikia "kaka nifanyie mpango" wa kuja Marekani, piteni chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe kwanza. Shahada yangu ipo sandukuni, hakuna aliyeiuliza.

Praima, ile rangi ya kutangulia, imekauka. Mama anataka bluu, dada anataka nyeupe, na jirani wa mbele kaja kuuliza lini nitaanza ya kwake, maana "wewe ni mtoto wetu". Nimemtajia laki mbili na nusu. Kaenda kunishitaki kwa mama.