Kamera mbili, nyumba moja: mradi wangu umefikia hapa

Mradi huu una sharti moja tu: hakuna anayeambiwa "simama vizuri." Napiga picha za watu wa nyumbani wakiwa kwenye shughuli zao, anayefua, anayepiga pasi, anayesinzia mchana huku redio ikiongea peke yake. Picha za kupanga mstari tunazo tele kwenye albamu, na nazipenda. Ila hazinionyeshi baba anavyoshika gazeti, wala dada anavyojikunja kwenye kiti akiongea na simu.

Kamera ninazotumia ni mbili. Moja ni ya mkanda wa milimita 35, yenye lenzi ya milimita 50. Nyingine ni Instax Mini, ile inayotoa picha papo hapo.

Mkanda ni Ilford HP5 Plus, wa nyeusi na nyeupe. Kasi yake, yaani wepesi wake wa kunasa mwanga, ni ISO 400, na mchana karibu na dirisha inatosha kabisa. Usiku mambo yanabadilika. Kwa taa ya sebuleni, hata nikifungua lenzi mpaka f/2, yaani tundu lake likiwa pana, kipimo cha mwanga kinaniambia niiache wazi sekunde 1/30, na mtoto anayecheza hatulii kwa muda huo. Kwa hiyo mikanda ya usiku naipima kama vile ni ISO 1600, ndipo napata 1/125, halafu wakati wa kuisafisha ili picha zitokee naiacha kwenye dawa muda mrefu zaidi. Mkanda ukianza hivyo lazima uishe hivyo, maana dawa haichagui fremu, yaani picha moja moja. Gharama yake ni kwamba chembechembe za mkanda zinaonekana kwenye picha na sehemu za giza zinameza kila kilichomo. Mimi naona ni sawa. Uso ukiwa umepata mwanga, kona ya chumba ikiwa nyeusi haipunguzi kitu.

Kusafisha nasafisha mwenyewe, dawa ikiwa nyuzi 20 za Selsiasi. Hapo sina la kusimulia zaidi ya kusema kwamba kipimajoto kizuri kina faida kuliko lenzi ya pili.

Kilichobadilisha mradi ni Instax, na sikuitarajia. Niliileta kama nyongeza. Karatasi zake ni ndogo, picha yenyewe ni milimita 62 kwa 46, na pakiti ina karatasi 10. Flashi yangu inawaka kila nikibonyeza, nitake nisitake, na haifiki mbali: mtu akiwa katikati ya chumba kikubwa, nyuma yake panakuwa usiku mtupu. Suluhisho ni kumpiga picha akiwa karibu na ukuta au dirisha. Jambo kubwa zaidi ni kwamba haina negativi, ule mkanda uliosafishwa ambao hutumika kuchapisha nakala. Picha ni hiyo moja, na anayepigwa ndiye anayeichukua.

Bibi ndiye aliyenifundisha maana ya hilo. Alikuwa dirishani akitunga uzi kwenye sindano, sindano ameinyanyua kuelekea mwangani, jicho moja amelifumba. Kila nilipoinua kamera ya mkanda aliweka sindano chini na kunyoosha kitambaa chake. Nikampiga kwa Instax, nikampa. Akaishika kwa ncha za vidole kwenye ukingo mweupe, akaitazama inavyojitokeza, kwanza dirisha, kisha kitambaa, mwisho mikono. "Kumbe mjukuu wangu unataka mikono," akasema. Akachukua sindano, akaendelea na kazi yake, na baada ya hapo hakunijali tena. Fremu za mkanda zilizofuata ndizo bora kuliko zote nilizonazo mpaka sasa.

Tangu siku hiyo naanza na Instax kwa kila mtu, namwachia picha yake, ndipo nashika kamera ya mkanda. Mtu akishaona ninachokitazama, wasiwasi unamtoka. Na akishapata chake mkononi, hahisi kama nimekuja kumchukulia kitu.

Ninaelewa vizuri sasa kwa nini kamera za aina hii zilizaliwa ndani ya familia. Edwin Land, mwanzilishi wa Polaroid, kampuni ya kamera za picha za papo hapo, alisimulia kwamba mwaka 1943, wakiwa likizoni Santa Fe, binti yake mdogo alimuuliza kwa nini hawezi kuiona picha wakati uleule. Mwaka 1947 Land aliuonyesha mfumo wake hadharani, na mwaka uliofuata kamera ya kwanza ikaingia sokoni. Swali lile ndilo wanaloniuliza watoto wa nyumbani kila nikiwapiga kwa mkanda: "Iko wapi?" Wakubwa nao wanalo moyoni, sema wanaona haya kuuliza.

Kwa upande wa kutunza, negativi nazikata vipande vya fremu sita na kuziweka kwenye bahasha, tarehe na majina kwa penseli. Picha za Instax zimetawanyika, nyingine iko kwenye pochi, nyingine imebandikwa juu ya kioo. Nimewaomba tu wasiziweke penye jua la moja kwa moja, kwa sababu rangi hufifia.

Anayefuata ni kaka. Yeye hufika usiku, na anachofanya kwanza ni kuvua viatu mlangoni akiwa bado amesimama, mkono mmoja ukutani. Nataka hapo. Mkanda wa 1600 nimeshauvisha, na Instax imebakiza karatasi za kumtosha.