Nilisinzia Juu ya Kalkedoni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tafakari hii ilipaswa kuwafikia Jumatano, nisameheni. Wiki hii nimeingia zamu tatu za usiku mfululizo, wodi ya wazazi, na kila asubuhi nilipotoka nilijiambia, nikishaoga tu nakaa kuandika. Jumanne nilikaa kweli. Nilikuwa kwenye somo la Baraza la Kalkedoni, mkutano wa maaskofu wa mwaka 451, linalokiri asili mbili ndani ya Kristo mmoja, Mungu kweli na mtu kweli, zisizochanganyika wala kutengana. Niliamka saa nane mchana, shavu juu ya daftari, kalamu imechora mstari kutoka neno "asili" hadi mwisho wa ukurasa.

Nililia kidogo, siwafichi. Nilijiona sifai kusoma mambo ya Mungu.

Ndipo likanijia neno la Marko 4:38. Bwana yuko katika shetri, sehemu ya nyuma ya chombo, amelala juu ya mto wa kulalia. Mawimbi yanapiga, maji yanajaa chomboni, naye amelala! Tunasoma katika Zaburi 121 kwamba amlindaye Israeli hasinzii wala halali usingizi. Sasa huyu aliyelala ni nani? Wapendwa, hilo ndilo swali la Kalkedoni lenyewe. Alikuwa amefundisha kutwa, akachoka, akalala kama yeyote aliyetoka zamu. Walipomwamsha akaukemea upepo, ukakoma. Aliyechoka na aliyeukemea upepo ni mmoja, ndani ya chombo kimoja. Ukurasa ulionishinda asubuhi nzima niliuelewa nikiwa na alama za waya wa daftari shavuni.

Kwa hiyo wewe unayesubiri wiki tulivu ndipo uanze kusoma, usisubiri. Kuhani Zakaria, baba yake Yohana Mbatizaji, naye alikuwa mtu wa zamu, zamu ya Abiya, na malaika alimkuta kazini. Mimi siku hizi nakata somo vipande, naandika aya moja kwenye karatasi naisoma ndani ya daladala. Wodini sifungui kitabu; saa zile ni za mgonjwa.

Lakini kuna jambo limenichoma, acha niliseme. Jumapili iliyopita nilisinzia katikati ya mahubiri. Mama mmoja akanigusa kiwiko: "Mwanangu, shetani amekukalia machoni." Jamani! Macho hayo yalikuwa yamekesha kupokea watoto wanne.

Someni Matendo 20. Kule mjini Troa waumini walikusanyika siku ya kwanza ya juma, na siku hiyo haikuwa ya mapumziko. Amri ya Kaisari Konstantino ya kuipumzikia ilikuja mwaka 321. Huenda wengi walifika pale jasho la kazi halijakauka. Paulo akaendelea hadi usiku wa manane, taa zikiwaka nyingi, na kijana Eutiko akalemewa na usingizi dirishani, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, haandiki kwamba kuna aliyemkemea. Anaandika kwamba Paulo alishuka, akamkumbatia. Mhubiri aliacha mahubiri, akashuka ngazi!

Sisi wepesi wa kukemea usingizi, tumewahi kumuuliza yule kaka mlinzi, au dada anayetoka kiwandani alfajiri, "Umelala lini?" Tunawaandika watoro kwenye jumuiya, na hakuna aliyewahi kuuliza ratiba zao. Mrekodie mahubiri, mtumie kwenye simu. Nenda ukamchukulie watoto kwa saa mbili alale. Ukiweza, sogeza kipindi cha Biblia siku moja ili naye afike, maana ana maswali ambayo sisi tuliolala vizuri hatujayafikiria.

Mama yule nimeshamsamehe. Hata yeye ana mjukuu aliyezaliwa mikononi mwetu usiku, nimemkumbusha tukacheka.

Kesho naingia tena usiku, niombeeni. Jumapili nitakuja moja kwa moja kutoka kazini. Mtanikuta benchi la nyuma, upande wa ukutani. Dirishani sikai.