Nishani ya Churchill iliyonirudisha kwa ustadhi wangu

Mimi historia naipenda ile ya vitu vidogo, sarafu, stempu, nishani. Sasa juzi nikabishana na rafiki yangu, yeye anasema Churchill, yule waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita kuu ya pili, nishani zake za ujanani ni za kubebwa tu, mama yake alikuwa anajuana na wakubwa, nikamwambia ngoja nizipitie moja moja nijue kila moja kaitoa wapi.

Mwanzo haukunisumbua. Aliingia kikosi cha farasi cha 4th Hussars Februari 1895, mwaka huohuo akaenda Kuba kutazama vita, Wahispania wakamvisha msalaba wao, 1897 akawa Malakand mpakani mwa India ya wakati ule akapata ya India. Kufika Sudan ndo nikakwama. Vita ya Omdurman ilikuwa siku moja, 2 Septemba 1898, lakini nishani ziko mbili! Nikavuta picha kwenye simu, moja ina Malkia Victoria, utepe nusu njano nusu mweusi na kamstari chembamba chekundu kati. Ya pili utepe wa njano na bluu katikati, haina sura ya mtu, ina Kiarabu kimesokotana hasa, nikaambulia tarakimu tu, 1314.

Nikasema hii feki, 1314 wapi na 1898 wapi. Nililala nayo hiyo.

Kesho yake baada ya Isha nikampelekea ustadhi aliyenifundisha chuoni utotoni. Shikamoo, marahaba, akaishika simu mbaaali na macho, kimya kidogo, halafu akacheka. "Abbas Hilmi wa pili hapa. Na huo mwaka ni wa hijria mwanangu, kwani ulisoma nini kwangu?" Aibu niliyoona sisemi.

Basi kila kitu kikakaa sawa. 1314 inaanzia katikati ya 1896, mwaka ambao jeshi la jenerali Kitchener lilianza kuupandisha mto Nile kwenda Dongola, na lilikuwa jeshi la Waingereza pamoja na Wamisri, kwa hiyo Malkia katoa yake na Khedive, yaani mtawala wa Misri, ndo huyo Abbas Hilmi, katoa yake. Ile ya Khedive kwa Churchill ina pia kibao cha Khartoum, kale kachuma kenye jina la vita, juu ya utepe.

Na rafiki yangu ana lake pia, maana Kitchener hakumtaka Churchill kabisa, barua za mama zilitembea sana, mwisho akaruhusiwa kwenda na kikosi cha farasi cha 21st Lancers kwa pesa yake mwenyewe, akifa au akiumia jeshi halidaiwi. Ila kwenye lile shambulio la farasi la Omdurman alikuwemo kweli, na bastola ya Mauser badala ya upanga kwa sababu bega aliliumiza akishuka Bombay 1896. Kikosi kilipoteza watu 21 pale.

Sasa nahangaika na ya Afrika Kusini, vibao sita kwenye utepe mmoja, na hiyo haina Kiarabu cha kumpelekea ustadhi.