Siku Tuliyorudi Kibanjani

Tulirudi kwetu, upande wa Tanzania kaskazini mwa Mto Kagera, karibu na mpaka wa Uganda, mwaka 1979, baada ya Kampala kutekwa na majeshi ya Tanzania tarehe 11 Aprili na baba kujiridhisha kwamba njia ya kutoka Kyaka ilikuwa salama kwa watoto. Tulionywa tusiguse kipande chochote cha chuma tutakachokiona njiani.

Tulikuwa tumekimbia mwishoni mwa Oktoba 1978, askari wa Idi Amin, rais wa Uganda, walipovuka mpaka na kuvamia eneo letu, ambalo tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kuwa ni sehemu ya Uganda. Sisi tulivuka mto kabla daraja la Kyaka halijavunjwa. Waliotufuata walivuka kwa mitumbwi, na wengine hawakuvuka kabisa. Tulipokelewa na mjomba huko Muleba. Pale ndipo tulipomsikia Mwalimu Nyerere redioni akieleza kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga Amin tunavyo. Watu wazima walishangilia, lakini bibi, mama yake baba, aliuliza ni nani atakayewapa maji ng'ombe wetu. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa mgambo, alikwenda vitani muda mfupi baadaye.

Siku ya kurudi, nyumba tuliiona tangu mbali kwa sababu haikuwa na paa. Mabati yalikuwa yameng'olewa, milango na fremu za madirisha havikuwapo, na hata mawe ya kusagia yalikuwa yamepasuliwa, jambo ambalo mpaka leo sijaelewa lilimfaidia nani. Zizi lilikuwa tupu. Majirani waliokuwa wamejificha walituambia kwamba ng'ombe wote wa kijiji waliswagwa kuelekea Uganda.

Mama hakuingia ndani ya nyumba. Alipita moja kwa moja hadi kibanjani, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, akaanza kushika mgomba mmoja mmoja, akiutikisa kwenye shina, na mingi ililala chini kwa urahisi kwa kuwa fukusi, wadudu waharibuo migomba, walikuwa wamekwisha kuila sehemu ya shina iliyo ardhini. Machipukizi yalikuwa yamesongamana, majani makavu hayakupogolewa, na nyasi za matandazo zilikuwa zimeoza bila kuongezwa nyingine. Ninaamini alielewa pale pale hasara ambayo sisi watoto tulichukua miaka kuielewa. Kibanja cha Wahaya hakiishi kwa mvua peke yake. Hulishwa samadi, kizazi baada ya kizazi, na ndiyo maana nyumba isiyo na ng'ombe hupungukiwa ndizi taratibu, mikungu ikizidi kuwa midogo kila msimu. Paa laweza kuezekwa kwa nyasi ndani ya wiki, ila rutuba iliyowekwa na babu na baba yake babu haina mahali pa kununuliwa.

Hasara nyingine ilikuwa ya bibi, ambaye hakurudi nasi. Aliugua tukiwa Muleba, akafariki, na kwa kuwa njia ya kurudi ilikuwa uwanja wa vita, alizikwa katika shamba la mjomba. Kwetu wafu huzikwa kibanjani, karibu na walio hai, na babu alikuwa amelala pale chini ya migomba akimsubiri mkewe. Baba alisimama penye kaburi hilo kwa muda mrefu, kisha akamwambia mama, "Mama Kokushubila, huyu mzee tumwambie nini?" Mama hakumjibu, na sidhani kama palikuwa na jibu.

Serikali ilitangaza miezi 18 ya kufunga mkanda, na nchi nzima ikaujua uhaba wa sabuni na sukari. Kwetu mipakani, mkanda ulifungwa juu ya tumbo ambalo tayari lilikuwa tupu. Mjomba alitupa mtamba mmoja kwa makubaliano kwamba ndama wa kwanza atarudi kwake, na mama aliigawa samadi ya mnyama yule kwa ndoo, akianza na migomba iliyo karibu na nyumba. Kaka alirudi akiwa mzima, jambo ambalo familia nyingi hazikulipata. Nilikuwa nimekwisha kumaliza darasa la saba tulipoacha kununua ndizi gulioni, na hata wakati huo sehemu ya chini ya kibanja ilikuwa imepandwa mihogo, kwa maana migomba ilikataa kabisa kustawi pale.