Takriri imefanya kazi gani hapo?

Mtu akiniambia "hapa mzungumzaji ametumia takriri", yaani amerudiarudia maneno yaleyale, husubiri aendelee. Imefanya kazi gani? Kwa nini hapo na si kwingine? Nimesahihisha insha nyingi za uchambuzi zinazotaja jina la mbinu, zikarukia tashbihi (mfananisho), zikarukia tanakuzi (kukutanisha mambo yanayopingana), mpaka orodha inakwisha na hotuba yenyewe haijaguswa. Inaniuma, maana maneno yaliyowahi kusimamisha umati mzima yanastahili zaidi ya kubandikwa majina.

Njia yangu ni kusoma kwa sauti, kisha kuiondoa mbinu nione kinachobaki. Zaburi zimeturahisishia. Ya 135 na ya 136 zinapita kwenye mambo yaleyale: wazaliwa wa kwanza wa Misri, Sihoni mfalme wa Waamori, Ogu mfalme wa Bashani, nchi iliyotolewa iwe urithi. Ya 135 inasimulia moja kwa moja. Ya 136 ina mistari 26, na kila mmoja unafungwa na "kwa maana fadhili zake ni za milele". Tazama Waisraeli wanapotolewa utumwani. Mstari wa 11 unasema wametolewa, kiitikio kinaingia, ndipo wa 12 unamalizia kwamba ni kwa mkono hodari na mkono ulionyoshwa. Sentensi imekatwa katikati ili watu waitikie! Msomaji hawezi kumaliza habari peke yake. Kila hatua lazima ipite vinywani mwa mkutano. Ukikiondoa kiitikio, hakuna tukio linalopotea. Wanaopotea ni watu.

Sura ya Ar-Rahman inafanya jambo jingine. Ina aya 78, na swali "Basi ni ipi katika neema za Mola wenu Mlezi mnayoikanusha?" linarudi mara 31, lakini haliji mapema. Kwanza zinatajwa Qur'ani, jua na mwezi, mizani, mitende, nafaka. Swali linapofika katika aya ya 13, msikilizaji ameshahesabiwa neema zake. Baadaye linarudi hata baada ya Jahannamu kutajwa, neno kwa neno, na hapo lililokuwa ukumbusho linasikika kama onyo. Vitabu vya shule husema swali la balagha halihitaji jibu. Lakini hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inaeleza kwamba Mtume aliwasomea masahaba sura hii wakanyamaza, akawaambia kuwa majini waliitikia vizuri zaidi: kila alipofika kwenye swali hilo, walijibu kwamba hakuna neema ya Mola wao wanayoikanusha. Nikifundisha swali la balagha, huo ndio mfano ninaoanza nao.

Sasa hotuba. Oktoba 1959, Nyerere alizungumza katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Wengi tunayakumbuka maneno yale: mwenge uwekwe juu ya Mlima Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu, ulete tumaini pale ambapo hakuna matumaini, upendo mahali palipo na chuki, na heshima palipojaa dharau. Aliyelelewa katika Ukatoliki anaisikia humo sala inayoitwa ya Mtakatifu Fransisko, ile ya penye chuki nilete upendo. Mchambuzi mwenye haraka ataandika "tanakuzi" na kufunga daftari. Lakini zikague jozi zenyewe. Tumaini dhidi ya kukata tamaa imo kwenye sala. Upendo dhidi ya chuki imo. Heshima dhidi ya dharau haimo. Hiyo ameileta mwenyewe, akaiweka mwisho, pale sikio linapobaki. Jozi mbili za kwanza zinamfungulia mlango, kwa kuwa ni vigumu kuipinga sala. Ya tatu ni hoja dhidi ya ukoloni, nayo inapita mlango uleule. Tena yule "mimi" wa kwenye sala, anayeomba afanywe chombo cha amani ametoka, mahali pake pameshikwa na mwenge wa nchi ambayo ilikuwa bado haijapata hata uhuru.

Martin Luther King, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, katika hotuba yake ya "Nina ndoto" pale Washington tarehe 28 Agosti 1963, alikwenda upande wa pili. Nyingi za ndoto zake ziko chini, kabla ya andiko: vilima vya Georgia, Mississippi, watoto wake wanne, watoto weusi na weupe wa Alabama wakishikana mikono. Andiko linafuata, bila kumtaja nabii: kila bonde litainuliwa, na kila mlima na kilima kitashushwa. Ni Isaya 40. Nimewahi kuugeuza mpangilio huo, Isaya akatangulia na Alabama ikafuata, nikasoma kwa sauti. Watoto wale wanakuwa mfano tu wa kufafanulia andiko. Alivyopanga yeye, tunakuwa tumeshawaona wakishikana mikono, ndipo andiko linapokuja kuwatetea.