Swali limerudi. Na jibu je?

Mafunzo mengi ya PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, huishia pale ambapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Unaonyeshwa namna ya kuunganisha hifadhidata, unaandika `SELECT`, unazungusha `while`, majina yanajipanga kwenye ukurasa, somo limekwisha. Kulilinda swali lenyewe, yaani ombi la SQL tunaloipelekea hifadhidata, siku hizi tunasisitizana vya kutosha: thamani inayotoka kwa mtumiaji haibandikwi ndani ya SQL, inawekewa alama ya kuuliza na kupelekwa kando kwa `execute`. PDO, zana ya PHP ya kuzungumza na hifadhidata, ipo tangu PHP 5.1 ya mwaka 2005, na fanksheni za kale zilizoanza na `mysql_` ziliondolewa kwenye PHP 7.0 mwaka 2015. Hapo sina la kuongeza. Nataka tuzungumzie jibu, maana katika misimbo ninayoipitia kazini, hitilafu nyingi hazimo ndani ya swali. Zimo kwenye mistari miwili mitatu inayolifuata.

Swali la kutafuta lina marejeo matatu: limepata, limekosa, au limeshindwa. Kukosa na kushindwa ni vitu viwili mbalimbali. Ukimtuma mtu akarudi mikono mitupu, lazima ujue kama alifika akakuta hakuna, au hakufika kabisa. Kwa miaka mingi PHP ilituwia ngumu kuvitenganisha, kwa sababu vyote viwili vingeweza kuja kama `false`. Ukikosea herufi moja ya jina la safu, `query` ilirudisha `false` kimyakimya, programu ikaendelea na safari, halafu mstari wa chini ndio uliolia: `Call to a member function fetch() on bool`. Mgeni wa PHP akaanza kumtafuta mchawi kwenye `fetch`, kumbe mchawi alishapita.

Tangu PHP 8.0, mwaka 2020, PDO hurusha kosa palepale bila kuambiwa, na mysqli, zana nyingine ya PHP kwa ajili ya hifadhidata ya MySQL, ikafuata katika PHP 8.1 mwaka uliofuata. Nayahesabu mabadiliko haya kuwa kati ya mazuri kabisa ambayo lugha hii imepata. Ndiyo maana huniuma nikikuta swali limezungushiwa `try`, na ndani ya `catch`, pale kosa linapodakwa, mtu ameandika `return [];`. Amechukua kushindwa akakuvika nguo za kukosa. Hifadhidata imelala, ukurasa unasema "Hakuna makala", na msomaji anaamini kweli hakuna. Liache kosa lipande hadi juu, liandikwe kwenye logi pamoja na swali lililolisababisha, na mtumiaji aambiwe wazi kwamba kuna tatizo.

Tazama sasa msimbo huu, ambao kwa haraka hauna kasoro:

```
$s = $pdo->prepare('SELECT alama FROM matokeo
                    WHERE mwanafunzi_id = ?');
$s->execute([$id]);
$alama = $s->fetchColumn();

if (!$alama) {
    echo 'Mwanafunzi huyu hayupo';
}
```

Mwanafunzi aliyepata sifuri ataambiwa hayupo. Yule ambaye karatasi yake haijasahihishwa, na safu yake bado ni `NULL`, ataambiwa hayupo. Na asiyekuwepo kweli ataambiwa hivyohivyo. `fetchColumn` imeleta majibu matatu tofauti, yaani `0`, `null` na `false`, ila ile alama ya mshangao imeyakunja yote yakawa moja. Dawa yake ni alama tatu za usawa: `=== false` kwa mstari usiokuwepo kwenye jedwali, `=== null` kwa alama ambayo bado haijaingizwa. Kama safu yenyewe huhifadhi ndiyo na hapana, usitumie `fetchColumn` hata kidogo. Chukua mstari mzima kwa `fetch`, kisha uangalie ndani yake.

Kuna mtego mwingine ambao hata wakongwe hunaswa, nao ni `rowCount`, ile hesabu ya mistari, baada ya `UPDATE`, swali la kubadilisha data. Mtu anafungua makala yake, hagusi neno, anabonyeza hifadhi. MySQL inauona mstari, inakuta hakuna kilichobadilika, inahesabu sifuri. Msimbo ukisoma sifuri hiyo kama "makala haikupatikana", mwenye makala anaambiwa kazi yake haipo, nayo ipo mbele ya macho yake. Namba hiyo ni ya mistari iliyobadilika, wala si ya mistari iliyopatikana. Ukitaka ya pili, washa `PDO::MYSQL_ATTR_FOUND_ROWS` wakati wa kuunganisha. Mimi napendelea kuutafuta mstari kwanza kwa swali lake lenyewe, kwa sababu anayesoma msimbo baadaye ataona nia yangu bila kwenda kuchungulia mipangilio ya muunganisho.

La majedwali mawili nitalipitia haraka. `makala` ina `id`, `waandishi` ina `id`, wewe unaandika `SELECT *` na kuyaunganisha. Ukichukua mstari kwa majina ya safu, `id` itakuwa moja tu, na itakayobaki ni ile iliyokuja mwisho. Hakuna onyo. Kiungo cha kuhariri makala kinabeba namba ya mwandishi. Taja safu unazozihitaji, kila moja kwa jina lake: `makala.id AS makala_id`.

Kisha kuna suala la kumbukumbu, ambalo watu hulitatua nusu. Ripoti kubwa inagonga kikomo, ambacho kwa kawaida ni megabaiti 128, basi mtu anaondoa `fetchAll` inayochukua mistari yote kwa mpigo, anaweka `while` yenye `fetch`, anaamini sasa mistari inakuja mmojammoja. Amepunguza mzigo, ndiyo, kwa kuwa hatengenezi tena orodha nzima ya PHP. Lakini kwa MySQL, PDO kwa kawaida huwa imekwisha kuvuta jibu lote kutoka kwenye seva kabla `fetch` ya kwanza haijaitwa, na kwa kiendeshi cha mysqlnd mzigo huo huhesabiwa ndani ya kikomo kilekile. Mistari itakuja mmojammoja pale tu utakapozima `PDO::MYSQL_ATTR_USE_BUFFERED_QUERY`. Hapo nako kuna sharti lake: kwenye muunganisho huo huwezi kuuliza swali jingine mpaka umalize kusoma la kwanza au ulifunge kwa `closeCursor`. Kwa hiyo kama ndani ya mzunguko unahitaji kuandika kitu kwenye hifadhidata, fungua muunganisho wa pili kwa ajili ya kuandika, na ule wa kwanza uuachie kazi ya kusoma peke yake.